Kufuli na Jezi ya Makapera

Jumamosi, 6 Desemba 2014

Mimi ndiye niliyemfundisha Kufuli kukaba. Andika hivyo, Tibúrcio, na uweke nukta. Bila mimi asingefika Belo Horizonte, wala Rio, wala kule Ureno alikotetemeka na baridi msimu mzima.

Haya. Uongo. Ila nani atasoma?

Ukweli ni huu. Nilikuwa winga wa kushoto, kikosi cha akiba, timu ya kiwanda cha nguo. Mfupi, mwepesi kuwaka — ndiyo maana mimi, Tibúrcio wa ubatizo, mji mzima unaniita Kiberiti mpaka leo. Yeye alikuwa beki wa kati wa kikosi cha kwanza. Kila siku ya mazoezi aliniondolea mpira mguuni kama mama anavyomwondolea mtoto kisu. Kwa upole! Hicho ndicho kilichoniuma. Angenikata mtama ningemchukia, tungemaliza. Badala yake nikamkaribisha kwetu kahawa, dada yangu Zulmira akamwona mlangoni, amejaa mlango mzima. Basi. Kama nilimfundisha kitu, nilimfundisha njia ya kufika jikoni kwetu.

Kanisani anaitwa Osvaldino. Jina la Kufuli alipewa na mtangazaji wa redio, siku ile mshambuliaji mmoja wa Uberaba alipozunguka dakika tisini akitafuta pa kupita. "Mlango umefungwa, mabibi na mabwana, na kufuli limetiwa!" Likamganda.

Leo asubuhi tulikuwa benchini mbele ya duka la mikate, kama kawaida, kahawa yetu na mikate ya jibini. Akaja Wandercy wa bucha, nahodha wa Wenye Ndoa. Mechi ya mwisho wa mwaka inakaribia, Wenye Ndoa na Makapera, halafu nyama choma mpaka watu wasahau nani alishinda. Mwaka huu, akasema, kamati inataka mechi iwe ya kumheshimu Kufuli. Ametimiza sabini. Acheze dakika chache, apigiwe makofi, apewe sahani yenye jina lake.

Kufuli akapuliza kahawa. Akauliza:

"Nacheza upande gani?"

Wandercy akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Maana Zulmira alituacha Machi ya mwaka juzi. Na hapa kwetu mgane hajawahi kucheza ile mechi. Waliofiwa wote walitundika njumu wakahamia kwenye kucheza karata. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Ninamjua shemeji yangu. Haulizi swali mpaka amelizunguka wiki nzima. Kuna kitu.


Jumatatu, 8 Desemba

Kikao cha kamati, nyuma ya bucha la Wandercy, nusu ng'ombe ananing'inia juu ya vichwa vyetu kama mwenyekiti.

Wakapitia sheria. Mwenye mchumba: Kapera, mpaka pete iingie kidoleni. Aliyeachika: Kapera — na Kasuku, nahodha wa Makapera, mwenye duka la dawa, aliyeachwa na wanawake wawili kwa sababu ya mdomo, akapiga kifua kwa fahari. Anayeishi na mwanamke bila kwenda kanisani: inategemea nani anamfulia soksi. Sheria ya soksi ni ya zamani, ilipitishwa na padri aliyekuwapo nikiwa kijana, na haijawahi kushindwa.

"Soksi za Kufuli anafua nani?" akauliza Wandercy.

"Mashine," akasema mmoja.

"Mashine ya nani?"

"Ya Zulmira."

Hata nusu ng'ombe aliacha kuzunguka.

Kasuku akadakia: "Jamani, mtu analala peke yake, anakula peke yake, anaongea na redio! Huyo si Kapera ni nani? Na sisi Makapera hatuna beki. Mwaka jana mlitufunga mabao mpaka refa akachoka kuandika."

Wakanigeukia mimi. Kwamba mimi ndiye kaka wa marehemu, niseme. Na mdomo wangu, ambao haujawahi kusubiri kichwa, ukasema:

"Kifo hakitoi talaka! Zulmira hakumpa ruhusa ya kuondoka, na nyinyi mnamjua Zulmira."

Wakacheka! Wandercy akafuta machozi kwa aproni yenye damu, uso ukawa kama wa mtu aliyepigwa. Mikono ikapanda juu hapo hapo. Mgane ni Mwenye Ndoa. Imepita. Kasuku peke yake akakataa.

Nikageuka nikitabasamu kama niliyefunga bao la kichwa — na Kufuli amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. Alikuja kununua mbavu.

"Sawa," akasema. Akaondoka bila mbavu.


Jumatano, 10 Desemba

Kufuli hakuja kahawani. Jana pia hakuja.

Nimekunywa kahawa ya wawili. Moyo unapiga kama ngoma ya kanivali.


Ijumaa, 12 Desemba

Nimempata! Na ningekuwa na aibu kidogo nisingeandika nilivyompata. Lakini aibu sina, kwa hiyo naandika.

Saa nne hivi alipita mbele ya nyumba yangu. Shati limepigwa pasi. Nywele zimelazwa na maji. Na harufu! Harufu ilipita kwanza, yeye akafuata. Mkononi ana bisibisi. Nikajiuliza, nani anajipaka manukato kwenda kukaza skrubu? Nikamfuata.

Akavuka daraja, akashika ile njia ya kwenda juu, akaingia kwa Dona Lindaura. Aliyekuwa mpishi wa shule. Mjane wa muda mrefu, mcheshi, mikono kama ya mpiga makasia. Nikajibanza nyuma ya gari la mtu. Kufuli akapiga goti, akaanza kutengeneza geti lake. Geti hilo hilo nililomwona akilitengeneza Septemba. Na Oktoba. Geti gani hilo lenye homa isiyopona?

Mbwa wake ndiye aliyenichongea, kwa kubweka.

"Kiberiti!" akaita Dona Lindaura. "Toka huko nyuma ya gari. Mtu mzima unajificha kama umeiba kuku?"

Nikatoka. Ningefanya nini? Kufuli hakuinua macho kwenye skrubu, lakini masikio yalikuwa mekundu. Masikio ya miaka sabini! Sikujua kwamba bado yanaweza.

Lindaura akatuwekea keki ya unga wa mahindi na kahawa pale kwenye ngazi. Na nikagundua kitu ambacho sikukijua, mimi ninayejua kila kitu: Lindaura kwao ni Santa Cecília, mji wa mahasimu wetu wa mpira. Mshambuliaji wao wa zamani, Adauto, yule mrembo wa nywele za mafuta, ni kaka yake.

"Huyu hapa," akasema, akimwonyesha Kufuli kwa kisu cha keki, "alimkaba kaka yangu fainali nzima. Alimfuata kila mahali. Adauto alikwenda kunywa maji, naye yuko pale bombani!"

"Nilikuwa na kiu," akasema Kufuli.

"Muongo! Mimi nilikuwa nimekaa karibu na kona, nina miaka kumi na sita, nakula hindi la kuchemsha. Nikamrushia gunzi. Likampiga sikioni, paa! Unajua alifanya nini? Akaliokota, akaligeuza, akaona limebaki na punje, akazila. Uwanjani! Halafu akaniambia ahsante."

"Lilikuwa tamu," akasema Kufuli.

Wakacheka, wote wawili, kicheko kimoja. Mimi nikacheka pia. Lakini kicheko hicho, cha Kufuli, nilikuwa nakijua. Nilikuwa nimekisikia mara ya mwisho jikoni kwa dada yangu.

Kufuli alipokwenda kunawa, Lindaura akaniinamia.

"Mwanangu anataka nihamie kwake Goiânia. Anakuja kunichukua Jumatatu, kesho yake baada ya hiyo mechi yenu. Sijamjibu."

"Unasubiri nini?"

"Huyu wako, miezi mitatu anatengeneza geti zima. Hasemi. Nami nimechoka kulilegeza skrubu usiku ili apate kazi asubuhi." Alisema hivyo bila hata kupepesa! "Basi tetesi za mechi hiyo ziliponifikia mapema, nilimwambia sitaki maneno, kwa sababu najua hana. Nitakwenda uwanjani niangalie jezi. Akivaa nyekundu ya Makapera, nitamwambia mwanangu arudi peke yake."

"Na akivaa nyeupe?"

"Nitampigia makofi. Ni beki mzuri. Halafu nitakwenda kufunga sanduku."

Kumbe ndiyo maana aliuliza.

Akanimiminia kahawa nyingine, taratibu, jicho liko kwangu.

"Nasikia kamati imekwisha kuamua. Nasikia kuna mtu aliwachekesha sana."

Nikairudisha keki sahanini.


Jumapili, 14 Desemba

Nimekwenda makaburini kwa Zulmira. Nilidhani nitakuwa wa kwanza. Maua meupe yako pale tayari, mabichi, na majani yamefagiliwa pembeni vizuri, kwa mstari, kama beki anavyopanga ukuta wa mpira wa adhabu. Najua mkono wa nani.

Nikamwambia dada. Kila kitu. Geti, manukato, gunzi. Nikangoja anitukane. Hakusema kitu. Mara ya kwanza maishani.

Nimekumbuka mwaka ule Kufuli alipoitwa timu ya taifa. Mwaliko mmoja tu, mechi moja ya kirafiki. Mji ulifunga maduka, tukabanana kwenye televisheni ya kiwanda. Hakuingia! Alinyoosha miguu mara mbili pembeni ya uwanja, tukashangilia mara mbili, akarudi kukaa. Basi, hiyo ndiyo historia yake na ile jezi ya njano. Watu wakimuuliza, anasema: "Siku ile niliiona mechi vizuri kuliko wote." Na aliporudi nayo, Zulmira aliifua kwa mkono, akaianika ndani ya chumba cha kulala, mlango umefungwa. Nilimuuliza anaogopa wezi? Akasema hapana. Anaogopa majirani wataona haina jasho.

Hivyo ndivyo alivyompenda. Sasa mtu mwingine anamlegezea skrubu.

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka? Si Zulmira peke yake. Nikiamka asubuhi nina mtu mmoja wa kunywa naye kahawa. Mmoja. Sikuoa, sikuzaa, ninajua utani tu. Akivuka daraja yule, benchi litabaki refu sana.


Jumatano, 17 Desemba

Nimejaribu kurekebisha. Nilikwenda kwa Wandercy, nikamwambia nimebadili mawazo, mgane awe Kapera.

"Kiberiti, utani huo si mzuri kama ule wa kwanza," akasema, akiendelea kukata nyama.

"Si utani."

"Ha! Ona uso wake! Uso mkavu kabisa!" Akamwita mkewe aje anione. Mkewe akaja, akaniona, akacheka.

Nikaapa. Wakacheka zaidi. Nikakasirika. Wandercy akasema hata hasira nimeigiza vizuri. Akanipa soseji nne bure kwa kumfurahisha.

Ndivyo ilivyo. Ukishakuwa mchekeshaji wa mji, siku nyumba yako ikiungua watakuja na viti.


Jumapili, 21 Desemba

Leo nilikwenda kwa Kufuli kumwambia. Nilijipanga njiani. Nitasema: Shemeji, vaa nyekundu. Maneno matatu. Hata mimi naweza maneno matatu.

Nikamkuta anachambua maharage. Nikakaa, nikachambua naye. Sebuleni viti viko vile vile vilivyokuwa tangu Julai. Siku ya yale mabao saba ya Kombe la Dunia, Wajerumani walipotuchinja hapa hapa kwenye jimbo letu, Kufuli hakulia kama sisi. Bao la tatu lilipoingia alisimama, akaanza kuvuta viti. "Huyu awe hapa! Na huyu amfunike huyu! Sasa huyu katikati nani anamtazama? Nani?" Alitumia viti vyote, na stuli ya jikoni. Akamaliza, saba yameshaingia, yeye amesimama katikati ya viti vyake, hakuna aliyeweza kupita sebule ile. Tangu hapo hajaviondoa. Ukienda kwake unakaa kwenye ukuta wa mabeki.

"Bado unakaba Ujerumani?" nikamuuliza.

"Mmoja alikuwa anapita kulia. Nimesogeza ile stuli."

Tukachambua. Nikasema maharage ya Zulmira yalikuwa na jani la kunukia na ngozi ya nguruwe. Akasema yake yana jani la kunukia tu, kwa sababu ya presha. Nikasema presha ya nani, yake au ya daktari. Akasema mvua itanyesha. Nikasema itanyesha.

Mwisho akanitazama.

"Kiberiti. Ulikuja kuniambia kitu?"

Maneno matatu! Yalikuwa hapa, kwenye meno.

"Nilikuja kuona kama umekufa."

"Bado."

"Basi naenda."

Punda mimi.


Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Rosilene, binti yake Kufuli, amekuja toka Belo Horizonte. Tumekula kwao, nguruwe mdogo na wali na zabibu kavu ndani ya wali, uhalifu ambao Rosilene aliurithi kwa mama yake.

Kufuli alipolala kwenye kiti (kile cha beki wa kushoto, mbele ya televisheni), Rosilene akanivuta jikoni.

"Mjomba, baba ananukia."

"Nimenusa."

"Mimi nimeshamwambia sina neno. Mama amekwenda, baba yuko hai. Nimemwambia mara kumi."

"Basi tatizo nini?"

"Wewe!"

"Mimi? Mimi nimesema nini?"

"Kifo hakitoi talaka." Habari hiyo imefika mpaka Belo Horizonte! "Mjomba, baba hakumwogopa hata Adauto wa Santa Cecília. Lakini kwake wewe ndiye kipande cha mama kilichobaki. Akikuangalia usoni anamwona mama. Pua hiyo hiyo."

Nikaishika pua yangu. Rosilene akanipa bakuli nioshe.

Jioni akaja Kasuku na ufumbuzi wake, amejaa furaha kama yai: Kufuli atacheza kipindi kimoja kila upande. Cha kwanza nyeupe, cha pili nyekundu, kama wanavyofanya wachezaji wakubwa wakiaga mpira. Wandercy ameshakubali. Kila mtu ameshinda!

"Daktari alimruhusu dakika chache tu," akasema Rosilene. "Goti lile kipindi cha pili halitafika."

"Basi atapumzika. Nani atamlaumu?"

Hakuna. Hilo ndilo baya lake. Atavaa nyeupe, goti litavimba, atakwenda kukaa, mji mzima utasema mzee amejitahidi. Na kule jukwaani mwanamke mmoja atapiga makofi na kwenda kufunga sanduku. Na hakuna atakayekuwa amesema hapana.

Kufuli alikuwa ameamka, alisikia yote. Akasema "Sawa" yake ile.


Jumamosi, 27 Desemba

Mvua usiku kucha. Uwanja una matope golini kwa upande wa mto. Nimepaka njumu zangu mafuta. Kasuku amenipanga benchi, kama kila mwaka tangu dunia iumbwe.

Sikwenda kwake leo. Nilifika mpaka kona.


Jumapili, 28 Desemba

Naandika uwanjani, benchi la Makapera, kwa penseli ya Kasuku, daftari gotini. Mapumziko. Bila bila. Mwandiko umepinda kwa sababu nimecheza! Dakika tano nzima, lakini nitaandika kwa mpangilio.

Kufuli alikuja amevaa nyeupe tayari toka nyumbani, namba tatu mgongoni. Mji wote ulisimama. Sahani akapewa, hotuba ikasomwa, mtoto wa Wandercy akalia kwa sababu ya fataki. Dona Lindaura yuko jukwaa la pili, gauni la bluu, mwavuli umefungwa juu ya magoti. Alimpigia makofi kama wengine. Kama alivyosema.

Halafu mpira ukaanza, na — jamani! Hakimbii. Hawezi. Anatembea hatua mbili huku, moja kule, kama mtu anayetafuta miwani yake, na mpira unakuja kumwangukia mguuni. Kasuku alimvamia kwa kasi yote ya duka la dawa. Kufuli akamwondolea mpira. Kwa upole! Kasuku akaendelea kukimbia mpaka kibendera cha kona kabla hajagundua kwamba hana kitu. Kijana mmoja wa kwetu, ana miaka ishirini, alimjia kushoto, kulia, kushoto tena. Mzee hakusogea. Kijana akajichanganya, akaanguka mwenyewe, Kufuli akampa mkono wa kumwinua na mpira akampa Wandercy. Niliwahi kuona haya yote, nikiwa na nywele. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mazuri.

Nikaingizwa. Nikampata Kufuli peke yake, mimi na yeye na matope. Nikasema moyoni, leo nampiga tobo, nife baadaye. Nikapeleka mpira katikati ya miguu ile iliyopinda. Miguu ikafunga. Taratibu, kama lango la bustani. Mji mzima: "Kufuliii!" Akaninong'oneza akipita: "Karibu, shemeji." Nikatolewa.

Kipenga cha mapumziko. Goti lake limekuwa papai. Kakaa kwenye nyasi katikati ya uwanja, peke yake, wenzake wamekwenda kwenye maji. Wandercy akamwambia kwa sauti: "Inatosha, mzee, umetupa raha, nenda kapumzike!" Watu wakapiga makofi. Dona Lindaura akasimama. Akakung'uta gauni. Akaanza kutafuta pa kushukia, kuelekea mlango.

Nilikuwa namtazama yeye, kwa hiyo sikuona Kufuli alivyoanza. Nilisikia watu wakicheka. Kugeuka — amekamata jezi nyeupe kwa mkono wa kulia, anaivuta juu. Imefika kichwani, imekwama. Tumbo nje, kichwa ndani, mkono mmoja juu, mwingine hauendi. Watu wanacheka kwa mapenzi, wanadhani ni uzee.

Si uzee. Ni bega la kushoto. Kipa wake mwenyewe alimwangukia, kule Rio, mpira wa kona, bega likavunjika vipande. Alimaliza mechi! Lakini mkono ule haukupanda tena kupita sikio. Miaka yote iliyofuata kila kitu cha kuvaliwa kwa kichwani, jezi, sweta, fulana, alivalishwa na Zulmira. "Inama, mnara," alikuwa anamwambia. Na tangu alipokwenda, huyu bwana anavaa mashati ya vifungo tu. Joto, baridi, vifungo. Mimi nilidhani ni umaridadi. Karibu miaka mitatu nimekaa naye benchi moja, nikimtania kwamba anajifanya wakili! Leo asubuhi lazima Rosilene ndiye aliyemvalisha.

Rosilene ameshasimama jukwaani, anataka kushuka. Lakini jezi imetoka, kichwa kimetokea, nywele zimesimama kama kifaranga, na Kufuli amemwinulia mkono mzima: kaa. Yupo katikati ya uwanja, kifua wazi, mvi za kifuani, goti la papai. Wandercy hacheki tena. Hakuna anayecheka.

Ananiangalia mimi.

Nyekundu namba tatu iko hapa, magotini pangu, chini ya daftari. Kasuku alinirushia tangu asubuhi, akasema mtunzie. Lindaura amesimama kwenye ngazi, mguu mmoja chini, mmoja juu, ameshika mwavuli. Refa anatazama saa. Mji mzima umegeuza shingo kwangu, wanangoja utani, na mimi natafuta, natafuta, na hakuna hata mmoja.

Anaita. "Kiberiti! Njoo univalishe."

Nakuja, shemeji. Nakuja! Ngoja nimalize mstari. Inama utakapoona nimefika, maana mimi siufikii mnara huo. Lakini tusikilizane kabla kichwa hakijaingia: tangu ujana wetu hatujacheza upande mmoja hata siku moja, na mipira uliyoninyang'anya haihesabiki, na wa leo umo. Una deni langu, Osvaldino. Si kubwa. Kipindi hiki cha pili, nikiomba Kasuku aniingize tena, nipe pasi moja. Moja tu. Ya chini, mguu wa kushoto, na usiipige kwa nguvu.